Nyuma ya Mwavuli wa Mwalimu

Mwavuli wa mwalimu wetu ulikuwa mweusi, wenye mpini wa mti uliopinda, na hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kuugusa. Ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa darasa, mvua inyeshe isinyeshe, na sisi wasichana tuliamini kwamba mwalimu aliupenda kuliko alivyotupenda sisi. Nautaja mapema kwa sababu bila mwavuli ule leo ningekuwa na habari nyingine kabisa za kusimulia, na pengine mume mwingine.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, katika hospitali ya misheni iliyokaa juu ya kilima huku kwetu Karagwe. Nilikuwa nasomea uuguzi. Nilitoka Chonyonyo, binti wa mkulima wa ndizi na kahawa, na nilikuwa na sauti kubwa. Mama alikuwa akisema kwamba nilipolia siku ya kuzaliwa, mkunga aliziba masikio. Simwamini sana, lakini ni kweli kwamba nikimwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, huitika na watu nisiowaita. Tena nilikuwa na hasira za karibu. Wodini, mahali ambapo watu hutakiwa kunong'ona, tabia hizo mbili zilinitia taabuni karibu kila siku.

Mwalimu wetu alitoka Muleba. Alikuwa Mhaya, binti wa karani, mwembamba, mkali, mwenye kucheka kwa pua bila kufungua mdomo. Alitufundisha kufunga bendeji, kupima joto, kutandika kitanda mpaka shuka likakosa hata kunyanzi moja. Hayo yalikuwa kwenye ratiba. Lakini alikuwa na somo lake jingine la jioni, baada ya kuosha vyombo, ambalo halikuandikwa popote. Sisi tuliliita somo la baraza.

Somo hilo lilianza kwa sababu ya mtoto mmoja. Alikuwa msichana mdogo, hata meno ya utoto hayajaanza kung'oka, na mama yake alimleta mgongoni akiwa anahara mpaka macho yameingia ndani. Tulimlaza kitanda cha dirishani. Tukamnywesha maji yaliyochemshwa, kijiko baada ya kijiko, tukamsafisha, tukambembeleza. Akapona. Akajifunza nyimbo zetu za asubuhi, akawa anaziimba kabla yetu na kutukosoa tukikosea. Siku ya kuondoka alilia, na mimi pia nililia.

Baada ya muda mfupi akarudi na ugonjwa uleule. Akapona, akaondoka, akarudi tena. Safari hiyo mama alipomshusha mlangoni, mtoto alitusalimia wote shikamoo, akajikokota mwenyewe mpaka kitanda cha dirishani, akapanda. Wanafunzi tukacheka. Mwalimu hakucheka. Alimuuliza mama yule maji wanachota wapi.

"Chemchemini, waitu," mama alijibu, kwa neno letu la heshima. "Pale bondeni."

"Kesho tutashuka bondeni," mwalimu akatuambia. "Na atakayeona aibu kukaa kwenye nyasi abaki na vyombo vya wodi."

Tulishuka alfajiri, kabla umande haujakauka. Chemchemi ile ilikuwa nzuri, nasema kweli. Maji yalitoka chini ya mwamba yakiwa maangavu, yakajaa kwenye kidimbwi, kisha yakaenda zake kati ya matete. Mwalimu alitukataza kusema neno lolote. Tukakaa tukaangalia. Wakaja wanaume wa kupika rubisi, pombe yetu ya ndizi, wakamwaga maganda na nyasi walizokanyagia ndizi pale pale kando ya kidimbwi. Wakaja wanawake na vibuyu na mitungi, wakayasukuma maganda pembeni kwa mkono, wakachota. Kisha wakateremka ng'ombe kutoka upande wa Kihanga, ng'ombe wenye pembe ndefu, wazuri, wakaingia kidimbwini kwa miguu yote, wakanywa, na wakafanya na mengine ambayo ng'ombe hufanya akishashiba maji. Mama mmoja alisubiri watoke, akasubiri tope litulie kidogo, akachota.

Wenzangu waliwatazama wale ng'ombe kwa hasira. Mimi niliwatazama kwa hofu, kwa sababu niliwajua. Walikuwa ng'ombe wa baba mkwe wangu.

Hapa lazima nieleze. Miezi michache kabla ya hapo, kijana mmoja seremala alikuja hospitalini kutengeneza milango ya wodi. Milango ile ilichukua muda mrefu kupita kiasi. Kila akipachika mmoja, aligundua kwamba unakwaruza, akaushusha, na kila akiushusha mimi nilikuwa napita pale na beseni. Mwishowe wazee wake wakaja kwetu Chonyonyo na pombe ya uchumba, wazee wangu wakainywa, mambo yakawa mambo. Nilimpenda kijana yule. Sioni sababu ya kuzungusha maneno: nilimpenda mpaka nikawa nasahau kupima joto.

Kwa desturi yetu, pombe ya uchumba ikishanywewa, msichana hakutani tena uso kwa uso na baba mkwe. Ukimwona njiani unaingia migombani mpaka apite. Hutaji jina lake, huli mbele yake, humsemeshi. Naye hakusemeshi; akiwa na neno, anamwambia mtu mwingine akuambie, hata kama umesimama karibu na unasikia kila kitu. Na kwao kulikuwa na jambo jingine juu ya hilo. Rubisi ilikanyagiwa ndani ya mtumbwi, yaani gogo kubwa lililochongwa katikati. Mtumbwi uliokanyagiwa pombe ya uchumba ulitunzwa ndani ya ua, ukisubiri pombe ya harusi. Wetu, mchumba wangu aliniambia, ulikuwa na kiraka cha bati kwenye ncha. Ukitolewa nje ya ua kabla ya harusi, hakuna haja ya kutuma mtu kueleza. Kila jirani anajua kwamba uchumba umekufa.

Sasa unaelewa kwa nini asubuhi ile kwenye nyasi nilikaa kimya kuliko nilivyoamriwa.

Jioni mwalimu akatuuliza nani mwenye uwezo wa kuibadilisha chemchemi ile. Mmoja akasema daktari. Mwingine akasema Bwana Disii, yule Mzungu mkuu wa wilaya kule Bukoba. Mwalimu akacheka kwa pua.

"Daktari ataandika dawa. Bwana Disii ataandika amri. Watu wa hapa wameamriwa vya kutosha. Chimba shimo, safisha kibanja cha migomba, ng'oa mgomba huu, panda ule. Ninyi mtaenda kwenye baraza la gombolola, mbele ya wazee wenyewe, mtaomba. Na siku mtakayotamka neno 'lazima', mjue mmeshindwa, mrudi mkatandike vitanda."

Tulidhani anatania. Wasichana kusimama mbele ya baraza la gombolola, vijiji vyote vilivyo chini ya mkuu mmoja? Barazani wanawake walikwenda wakiwa wameshtakiwa au wakiwa mashahidi, wakapiga magoti, wakajibu walichoulizwa, basi. Lakini mwalimu hakuwa na mzaha kuhusu maji. Alisema muuguzi anayemponya mtoto na kumrudisha kwenye tope lilelile hajamaliza kazi yake, ameiahirisha tu.

Basi tukajifunza. Tulijifunza kuuliza kabla ya kusema: nani anachota wapi, ng'ombe wanapita saa ngapi, wapika rubisi wanataka nini. Tulijifunza kuomba jambo moja tu. Hilo lilitugombanisha siku kadhaa, maana kila mmoja alikuwa na lake. Mwenzangu wa Rugera, rafiki yangu aliyelala kitanda cha jirani bwenini, alitaka vyoo. Mwingine alitaka kila mtu achemshe maji. Mimi nilitaka ng'ombe wafukuzwe kwa fimbo, nikanyamaza nilipokumbuka ni wa nani. Mwalimu alituacha tupayuke mpaka tukachoka, kisha tukakubaliana wenyewe: jicho la chemchemi lizungushiwe uzio, watu wachote hapo, na ng'ombe wawekewe chombo chao upande wa chini, maji yawafikie yakishapita kwa watu.

Kisha yakaja majaribio, na hapo ndipo raha yenyewe ilipokuwa. Mwalimu alimwomba mpishi wa hospitali awe mkuu wa gombolola. Mpishi alikuwa mtu mnene aliyependa watu kuliko sufuria, na akaipokea kazi ile kwa moyo wote. Alijifunika blanketi jekundu la wodi, akashika mwiko mkubwa kama fimbo ya utawala, akaketi juu ya meza ya chakula. Wasichana wengine walikuwa wazee wa baraza, wana mabua ya mpapai midomoni kama viko, wanakohoa na kutema mate ya uongo. Mwalimu alimwagiza mpishi awe mbaya kadiri awezavyo. Hakuhitaji kuagizwa mara mbili.

"Wewe umeolewa?" aliwauliza wasemaji. "Baba yako anajua uko hapa?" Mara asinzie katikati ya maneno yako, akorome, kisha ashtuke aseme hajasikia, uanze upya. Mwenzangu wa Rugera alilia siku ya kwanza. Siku ya pili alimwambia mpishi kwamba atasubiri mpaka aamke, akaketi chini akaanza kusuka nywele za jirani yake, na mpishi akashindwa kukoroma kwa kicheko. Mwalimu alipiga makofi. Sikuwahi kumwona akipiga makofi kabla ya hapo.

Ikafika zamu yangu. Mpishi akajikuna tumbo. "Babu yangu alikunywa maji ya pale maisha yake yote," akasema, "na alikufa mzee."

"Babu yako alikufa mzee," nikamwambia. "Na ndugu zake waliokufa wachanga, walikunywa ya wapi?"

Mpishi alishuka mezani, akavua blanketi, akamkabidhi mwalimu mwiko. "Huyu ndiye," akasema. "Mwingine asisumbuke."

Hivyo ndivyo nilivyochaguliwa kuwa msemaji wa kwenda kumwambia baba mkwe wangu, mbele ya watu wote, kwamba ng'ombe wake wanachafua maji.

Nilimweleza mwenzangu wa Rugera kitandani. Alicheka mpaka akauma mto. Alipomaliza kucheka akaniambia nimwambie mwalimu, achague mwingine. Nikasema nitamwambia kesho. Lakini kesho yake, kabla sijaenda, mtoto wa dirishani akaletwa tena. Safari hii hakuimba. Alilala ameshika kidole changu, na kila nilipotaka kukitoa alifungua macho. Nilikaa pale mpaka zamu ikaisha, na nilipotoka nilikuwa na hasira ambayo haikubakiza nafasi ya kuogopa mkwe. Nikasema nitasema mimi. Isitoshe, nilimuuliza mchumba wangu, aliyekuwa bado anahangaika na milango, kama baba yake huwa anahudhuria baraza.

"Baba?" akasema, misumari mdomoni. "Baba hapendi baraza. Anapenda ng'ombe."

Nikajipa moyo. Kumbe sikujua kwamba habari za wasichana wa hospitali wanaokuja kuwasema ng'ombe zilikuwa zimekwisha fika Kihanga na kupita.

Siku ya baraza tulivaa gauni safi na kofia zilizopigwa pasi. Mwalimu alichukua mwavuli wake, kwa sababu mawingu yalikuwa yamekaa vibaya. Banda la gombolola lilijaa. Mkuu wa gombolola alikuwa mzee mtaratibu mwenye koti la kaki, na wazee walikaa kwenye vigoda kulia na kushoto. Tuliingia, tukapiga magoti, tukasalimu. Nikainua macho kama nilivyofundishwa, nimtazame mkuu usoni. Kwenye kigoda cha kwanza, karibu kabisa naye, fimbo ya kuchungia katikati ya magoti, alikuwa amekaa baba mkwe.

Niligeuka nikawapa wote mgongo. Watu wakaanza kucheka chini chini.

"Geuka," mwalimu akaninong'oneza.

"Siwezi."

"Umesahau maneno?"

"Sijasahau. Yule wa kwanza ni baba mkwe wangu."

Mwalimu akamtazama, akanitazama. "Lakini hujaolewa bado."

"Pombe imeshanywewa."

Kwao Muleba, nilikuja kujua baadaye, katika ukoo wao mambo hayo yalianza baada ya harusi. Alifumba macho. Jioni zote zile alitufundisha kumtazama mtu machoni, naye hakuwahi kufikiri kwamba kunaweza kuwa na mtu nisiyeruhusiwa kumtazama kabisa. Mkuu wa gombolola alikohoa. Wazee walianza kuzungumza mambo yao. Niliona jambo letu linamwagika hivi hivi mbele yangu.

Ndipo mwenzangu wa Rugera alipoufikia mkono wa mwalimu, akautwaa ule mwavuli bila hata kuomba, akaufungua mle mle bandani. Akanigeuza kwa bega, akanikabidhi mpini. Nikajikuta nimepiga magoti nyuma ya kitambaa cheusi, simwoni mtu na mtu hanioni.

"Sema," akaniambia.

Nikasema. Na niwaambie ukweli, sijawahi kusema vizuri namna ile. Kumbe macho ya watu ndiyo yaliyokuwa yakinibana. Nilisalimu upya, nikataja chemchemi, nikaisifu, nikasema tunaomba kuitunza. Sikutamka "lazima" hata mara moja. Nilipofika kwenye ng'ombe nikasikia sauti nzito ikisema, si kwangu bali kwa mkuu wa gombolola:

"Mwambieni huyo binti kwamba ng'ombe wangu walikunywa pale kabla hospitali haijajengwa."

Mkuu alifahamu desturi kama kila mtu, na aliona kwamba kazi imemwangukia yeye. Akavuta pumzi. "Binti, unaambiwa ng'ombe walikunywa pale kabla hospitali haijajengwa."

"Mwambieni baba ni kweli," nikajibu kutoka nyuma ya mwavuli. "Wala hatuombi wakose maji. Tunaomba wawe na chombo chao upande wa chini, wasisukumane na watoto. Watu wachote juu, ng'ombe wanywe chini, maji ni yaleyale."

Mkuu akayarudia kwa sauti yake ya barazani, polepole, neno kwa neno. Nikasikia wazee wakiguna kukubali, kwa sababu walikuwa wamezoea kuguna kila mkuu aliposema.

"Mwambieni, na wapika rubisi waende wapi?"

"Mwambieni baba nao washuke chini kidogo. Rubisi yenyewe itakuwa tamu zaidi bila mikojo ya ng'ombe."

Hilo halikuwa kwenye majaribio. Lilinitoka. Mkuu alisita. "Anasema rubisi itakuwa nzuri zaidi," akatafsiri kwa adabu.

"Sikusema hivyo tu, waitu," nikasema.

Ikambidi aseme lote, na mikojo ndani yake. Banda lilipasuka kwa kicheko, nikasikia hata wanawake waliokuwa nje wakicheka kupitia matete ya ukuta. Baba mkwe peke yake sikumsikia.

Kicheko kilipotulia nikasema habari za mtoto. Hizo pia hatukuwa tumezipanga. Nilisema kuna mtoto ambaye akiletwa hospitalini haonyeshwi kitanda, anakijua mwenyewe. Nilisema si vizuri mtoto kukizoea kitanda cha wodi kuliko kitanda cha mama yake, na kwamba safari hii ameacha kuimba. Mkuu akaanza kurudia, akafika katikati, sauti yake ikashuka. Alimaliza kwa taabu.

"Basi," akasema. "Nimeombwa niwe mjumbe, na yote haya nimeyasema kwa kinywa changu mwenyewe. Nitajipinga vipi?" Aliwageukia wazee. Wakakubali uzio, kila nyumba ilete miti. Kisha akasema, "Lakini hicho chombo cha ng'ombe kina mwenyewe. Kitatoka kwake au hakitatoka. Tusipokipata, ng'ombe wataubomoa huo uzio kwa siku moja."

Nikasikia kigoda kikisogea. Fimbo ikagonga ardhi, ikaondoka, ikatokomea. Mwenzangu wa Rugera alinisimulia kwamba kabla ya kuondoka, baba mkwe alipopewa kibuyu cha rubisi, alikipitisha kwa mwingine bila kunywa.

Tulirudi kilimani mvua ikinyesha. Mwalimu alinyeshewa kama wenzangu, mwavuli akaniachia mimi niubebe. Njiani aliniambia, "Niliwatuma mkaulize habari za maji, za ng'ombe na za wazee. Mimi mwenyewe sikukuuliza hata siku moja umechumbiwa na nani." Alicheka kwa pua, lakini nilijua ameumia kwa ajili yangu.

Siku zilizofuata zilikuwa chungu. Mama alipanda kilima kutoka Chonyonyo na kikapu cha senene, wale panzi wa kukaanga, akanipa senene, kisha akanipa maneno. Alisema nimemtukana baba mkwe mbele ya gombolola nzima. Nikamwambia sikumtukana, na tena nilijifunika. Akasema hajawahi kusikia mtu akitaja mikojo kwa heshima. Mchumba wangu hakuja kazini. Mlango mmoja wa wodi ulibaki umeegeshwa ukutani, na kila nilipoupita na beseni niligeuza uso upande mwingine. Kazi ya bendeji nilifanya, ya vitanda nilifanya, na nikipata nafasi nilijifungia chumba cha mashuka nikalia. Jambo lililonishangaza ni kwamba sikujuta. Nililia tu.

Ikafika Jumamosi ya kujenga uzio. Watu walikuja wengi kuliko tulivyotarajia, na miti, na mapanga, na mramba wa kunywa, yaani maji matamu ya ndizi ambayo bado hayajawa pombe. Wanafunzi tulichimba mashimo tukiwa na aproni, mpishi akatuimbisha. Mama alikuja pia, amenuna, akashika jembe. Mtoto wa dirishani alikuwepo mgongoni kwa mama yake, amekonda lakini macho yamerudi mahali pake, anamkosoa mpishi wimbo. Ilikuwa siku ya furaha kwa kila mtu, na mimi nilijitahidi.

Kisha upande wa Kihanga tukasikia wanaume wakiimba ule wimbo wa kubebea kitu kizito. Wakatokea kwenye kona ya njia, mabegani wamebeba gogo refu lililogeuzwa juu chini. Nilikitambua kiraka cha bati kwenye ncha yake kabla sijawatambua wabebaji. Ulikuwa mtumbwi wa pombe yetu.

Majembe yalisimama. Waliojua maana yake waliwaeleza wasiojua. Mama alikaa chini palepale juu ya udongo. Nyuma ya wabebaji alikuwa anakuja baba mkwe na fimbo yake. Nilitaka kukimbia, na kabla sijajua pa kukimbilia nikasikia kitambaa kikifunguka mbele ya uso wangu. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeufungua mwavuli, akausimamisha mbele yangu kwa mikono miwili.

Kilichofuata nilikisikia tu, na kingine nilikichungulia pembeni. Wabebaji hawakusimama tulipokuwa. Waliteremka mpaka upande wa chini, wakaushusha mtumbwi, wakaugeuza kinywa juu, wakaukalisha juu ya mawe. Mtu alipasua shina la mgomba kuwa mfereji, akaunganisha kutoka kwenye chemchemi. Maji yakaanza kuingia. Baba mkwe alipiga mluzi, na ng'ombe mmoja mwenye pembe pana akashuka, akanusa, akanywa, akainua kichwa, akanywa tena.

Baba mkwe aligeukia kilima, mahali pasipokuwa na mtu.

"Mwambieni mke wa mwanangu," akasema, "mtumbwi umetoka nje ya ua na asione vibaya. Mwanangu yuko nyumbani anachonga mwingine wa harusi, mkubwa kuliko huu. Ndiyo maana milango ya hospitali imelala. Na mwambieni aangalie anapokanyaga, hapo alipo pana mikojo ya ng'ombe."

Bonde zima lilicheka. Mama alicheka na kulia pamoja, bado amekaa chini. Nami, mwenye sauti iliyomziba mkunga masikio, sikupata hata neno moja. Mwalimu akaona, akajibu kwa niaba yangu: "Anasema ameshukuru, waitu."

"Huyo si yeye," baba mkwe akakiambia kile kilima. "Sauti ya mke wa mwanangu naijua."

Nikashika mpini wa mwavuli pamoja na mwalimu, nikavuta pumzi, nikashukuru. Mchumba wangu aliniambia baadaye kwamba alinisikia kule Kihanga, akiwa ndani ya gogo na shoka mkononi.